Maktaba Isiishie Langoni: Msomaji wa Mbali Kitale na Bungoma

Kitale na Bungoma zina wanafunzi wengi wa vyuo vikuu wasiokaa chuoni. Kibabii, kilichokuwa chuo cha walimu wa diploma, kilifanywa chuo kikuu kishiriki cha Masinde Muliro mwaka 2011, kikapewa hati ya kujitegemea Novemba 2015. Kitale nayo ina kampasi ya Chuo Kikuu cha Mount Kenya, ambacho makao yake makuu yako Thika. Sehemu kubwa ya wanaosoma katika eneo hili ni walimu walioajiriwa. Likizo za Aprili, Agosti na Desemba ndizo zinazowaleta madarasani; shule zikifunguliwa hurudi Endebess, Kiminini, Chwele na Kapsokwony, na huko ndiko wanakoandika tasnifu zao usiku, baada ya kusahihisha madaftari. Hoja yangu ni kwamba msomaji huyu tayari ana haki ya kusoma majarida ya maktaba akiwa kwake. Kinachomzuia ni mazoea ya usimamizi, na mazoea hayo yanaweza kubadilishwa bila kungoja mfadhili.

Mchapishaji wa majarida ya kielektroniki hamjui mwanafunzi kwa jina. Anachokijua ni anwani za IP, zile nambari zinazoutambulisha mtandao wa chuo. Ombi likitoka ndani ya mtandao huo, makala hufunguka bila swali. Mwalimu yule yule akiomba makala ile ile kwa simu yake akiwa Endebess, ombi linatoka katika anwani ya kampuni ya simu, ambayo wateja wengi huitumia kwa pamoja. Mchapishaji hana namna ya kumtambua, basi humdai malipo, mara nyingi dola 30 au zaidi kwa makala moja.

Suluhisho lake lina umri wa robo karne. Mwaka 1999 mkutubi wa chuo kimoja cha Arizona, Chris Zagar, alitunga EZproxy, programu inayokaa kati ya msomaji na mchapishaji: humtambua msomaji kwa nywila yake ya chuo, kisha hulipeleka ombi lake kwa mchapishaji kupitia anwani ya chuo. Siku hizi zipo njia nyingine, zikiwemo programu za simu kama MyLOFT zinazotumiwa na baadhi ya vyuo vya Kenya. Ufundi, kwa hiyo, upo.

Je, sheria ndiyo kikwazo? Tangu 2003 maktaba za Kenya zimekuwa na muungano wao, KLISC, unaojadiliana na wachapishaji kwa niaba ya wanachama. Mikataba ya namna hii kwa kawaida humtaja mtumiaji halali kuwa mwanafunzi au mwajiriwa wa chuo, na humruhusu kusoma akiwa mbali mradi chuo kimthibitishe. Haki inafuata uanachama wa mtu, haifuati kiti alichokalia. Chuo kinachomfungulia makala aliye chumba cha kompyuta pekee kimelipia haki kamili kikatumia nusu yake.

Hasara haiishii kwa mwanafunzi mmoja. Wachapishaji huhesabu kila makala inayofunguliwa, na maktaba huzitumia hesabu hizo kuamua jarida gani liendelee kulipiwa. Mwalimu wa Chwele aliyeshindwa kuingia hahesabiwi popote. Atamwomba rafiki aliye ng'ambo amtumie nakala, au ataingia Sci-Hub, tovuti iliyoanzishwa mwaka 2011 na Alexandra Elbakyan na ambayo mahakama za nchi kadhaa zimeihukumu kwa kukiuka hakimiliki. Mwisho wa mwaka kamati ya fedha huona takwimu ndogo, hukata kauli kwamba wanafunzi hawasomi, na jarida huondolewa. Huo ni uamuzi wa kuwaadhibu wasomaji kwa mlango waliofungiwa.

Kwa Kitale jambo hili lina uchungu wake. Ni katika kituo cha utafiti cha mji huu ambapo Michael Harrison na wenzake walikutanisha mahindi ya Kitale Synthetic II na Ecuador 573, wakapata H611, mbegu chotara iliyotolewa kwa wakulima mwaka 1964 na kubadili kilimo cha nyanda za juu za Kenya. Mashamba ya Trans Nzoia yameendelea kuchunguzwa tangu hapo, na mengi yaliyoandikwa kuyahusu yamo katika majarida ya kulipia. Mwanafunzi wa kilimo anayeishi kando ya shamba lililofanyiwa utafiti hapaswi kuwa wa mwisho kuusoma.

Ipo hoja kwamba data ya simu ni ghali na mtandao wa vijijini dhaifu. Ni kweli, na inamgusa sana mwanafunzi. Lakini makala ya kurasa ishirini ni faili ndogo kuliko video fupi anazotumiwa kila siku, na inafika bila nauli ya matatu. Wengine huelekeza kwenye vyanzo vya bure: AJOL, iliyoanza 1998, ina majarida mengi ya Afrika, na JSTOR humruhusu yeyote aliyejisajili kusoma makala 100 kwa mwezi mtandaoni. Navihimiza vitumike. Hata hivyo, haviondoi wajibu wa chuo kumfikishia mwanafunzi kile ambacho karo yake imechangia kukilipia.

Machi 2020, vyuo vilipofungwa kwa sababu ya korona, kila mwanafunzi wa Kenya aligeuka msomaji wa mbali ndani ya siku chache tu. Wakutubi wengi walijitahidi wakati ule. Madarasa yalipofunguliwa, haraka hiyo ilipungua, ingawa mwalimu wa Kapsokwony alibaki pale pale alipokuwa.

Nawaomba wakuu wa maktaba wafanye mambo matatu. Nywila ya maktaba itolewe siku ya kujisajili, ibaki hai mpaka siku ya mahafali, likizo na muhula vikiwemo. Mafunzo ya kuitumia yatolewe kwa simu, kwa sababu wengi hawana tarakilishi. Na kabla ya kutia saini mkataba mwingine, mkutubi atoke nje ya lango akiwa na simu ya kawaida, ajaribu kufungua makala. Isipofunguka, asitie saini.