Programu Iliyofungwa Inapogoma: Mwongozo kwa Mawakala wa Forodha na Wasafirishaji

Kampuni nyingi za uwakala wa forodha na usafirishaji hutumia programu za kompyuta ambazo msimbo chanzo wake umefungwa. Mnunuzi hupewa programu iliyo tayari kwa kazi, lakini maelekezo yaliyoandikwa na mtunzi wake hayaoni wala hawezi kuyarekebisha. Programu kama hiyo ikigoma wakati lori liko mpakani, fundi hana njia ya kuifungua ndani, na gharama za kusubiri zinaendelea kuhesabiwa. Hata hivyo, kinachoingia na kinachotoka kwenye programu huonekana, na hitilafu nyingi hugunduliwa hapo.

Hatua za kufuata

1. Ujumbe wa kosa uandikwe neno kwa neno, pamoja na namba yake, tarehe na saa. Picha ya skrini inafaa zaidi.

2. Kazi ileile irudiwe kwenye kompyuta nyingine. Ikikubali, tatizo liko kwenye kompyuta ya kwanza. Ikikataa kote, zichunguzwe data, mtandao na seva.

3. Data zikaguliwe. Kompyuta iliyowekwa kwa Kifaransa, kama zilivyo nyingi Burundi na Kongo, hutumia mkato kutenga desimali. Iliyowekwa kwa Kiingereza hutumia nukta. Uzito wa kilo 1,250 unaweza kusomwa kuwa kilo moja na robo, na mzigo ukakataliwa. Tarehe 04/05 nayo inaweza kuwa 4 Mei au 5 Aprili.

4. Iulizwe ni nini kimebadilika tangu programu ilipofanya kazi mara ya mwisho: leseni kuisha, nywila mpya, programu ya kuzuia virusi, au toleo jipya la Windows. Programu zilizotegemea Flash, kwa mfano, zilikwama baada ya Adobe kuacha kuihudumia tarehe 31 Desemba 2020.

5. Fundi atumie zana ya kufuatilia. Process Monitor, inayotolewa bure na Microsoft tangu 2006, huonyesha kila faili ambalo programu inalitafuta na kila ruhusa inayonyimwa. Kwenye Linux kuna strace. Mistari ya faili kukosekana ni mingi hata programu ikiwa nzima, hivyo itazamwe zaidi ile ya sekunde chache kabla ya kukwama.

6. Programu isiondolewe na kuwekwa upya kabla ya kunakili data zote mahali pengine. Wengi hupoteza kumbukumbu zao katika hatua hii.

Kinga iko kwenye mkataba

Kukiwa na kasoro ndani ya programu yenyewe, mwenye uwezo wa kuitengeneza ni mtunzi tu. Akifunga ofisi, mteja hana pa kwenda. Kwa hiyo, kabla ya kulipa, mnunuzi adai mambo matatu: muda maalumu wa kujibu malalamiko; haki ya kutoa data zake zote katika muundo unaosomeka na programu nyingine, kama CSV; na nakala ya msimbo chanzo ihifadhiwe kwa mtu wa tatu, mathalani wakili, ili akabidhiwe mnunuzi iwapo mtunzi ataacha huduma. Nakala hiyo isasishwe kila toleo jipya linapotoka, la sivyo haitakuwa na msaada.