Kimo cha Watoto Wetu na Vipimo vya Mwaka 1931

Wazee wetu wana desturi, mtoto anapoonekana mfupi kuliko wenzake, kusema kwamba amewafuata wajomba zake. Neno hilo lina ukweli ndani yake, maana watu warefu mara nyingi huzaa watoto warefu. Lakini pia limefunika mambo mengi ambayo wajomba hawahusiki nayo hata kidogo; na katika nchi yetu ya Kenya liliwahi kusemwa juu ya makabila mazima. Kwa hiyo yafaa wanachama wajue habari ya vipimo vilivyochukuliwa hapa katika miaka ya kuelekea 1930, na mambo yaliyofuata.

Waliovisimamia walikuwa wawili. Mmoja ni John Boyd Orr, Mskoti aliyekuwa mkuu wa taasisi ya uchunguzi wa vyakula huko Aberdeen, na mwenzake ni John Gilks, aliyeiongoza idara ya utabibu ya Kenya. Wakapimwa Wakikuyu na Wamaasai kwa maelfu, kimo, uzito na nguvu za mikono, na taarifa ikachapishwa London mwaka 1931. Ilisema kwamba mwanamume Mmaasai, kwa wastani, alimzidi Mkikuyu kwa inchi 5 na kwa pauni 23, na nguvu zake zilikuwa kubwa zaidi kwa nusu. Mmaasai aliishi kwa maziwa, nyama na damu. Mkikuyu kwa nafaka, viazi vitamu na maharagwe. Wakikuyu walionekana kuwa na mifupa iliyopinda, meno mabovu, upungufu wa damu na vidonda. Wamaasai nao hawakukosa maradhi yao: walisumbuliwa na ugonjwa wa viungo na kufunga choo.

Orr hakuwa mgeni katika kazi hiyo. Mwaka 1926 na 1927 aliwagawa watoto wa shule za Uskoti katika mafungu, wengine wakapewa maziwa, wengine biskuti, wengine wasipewe kitu. Waliokunywa maziwa waliongezeka kimo na uzito kuwazidi wenzao kwa karibu asilimia 20. Mwaka 1930 jambo hilo likajaribiwa tena katika jimbo la Lanarkshire kwa watoto 20,000, nusu yao wakipewa maziwa, na hapo pakatokea kasoro ambayo kila apimaye watoto angefaa kuijua. Walimu, kwa huruma zao, waliwaingiza wengi wa watoto maskini katika fungu la maziwa. Tena watoto walipimwa Februari wakiwa na nguo nzito za baridi, na Juni wakiwa na nguo nyepesi, nao maskini hawakuwa na nguo nzito za kuvua. Mtaalamu wa hesabu William Gosset aliyafichua hayo mwaka 1931. Mizani haidanganyi, lakini aliyepanga foleni aweza kudanganywa.

Nasi twaweza kuviuliza vipimo vya Kenya maswali kama hayo. Kijana Mkikuyu aliyekuwa na miaka 20 mwaka 1928 alikuwa mtoto wa miaka 10 mwaka 1918. Mwaka huo mvua zilikosekana, njaa ikaingia, homa ya mafua ikaua watu wengi, na wanaume waliochukuliwa kubeba mizigo ya vita, wengi wao hawakurudi. Kabla ya hapo sehemu ya mashamba ya Wakikuyu ilikuwa imekwisha kutwaliwa na walowezi. Mwili wa mtu mzima huchukua kumbukumbu ya shida za utotoni, na aliyepima mwili ule alipima na miaka ile pia. Kwa maoni yangu taarifa ile iliangalia chungu kilichokuwa jikoni siku hiyo, isiangalie ghala lilivyokuwa miaka kumi nyuma.

Hata hivyo ndani yake mna jambo moja la thamani. Waandishi waliona kwamba wanawake wa Kikuyu walikula mboga za majani zenye madini ya kalsiamu yanayojenga mifupa, na wanaume walizikataa wakisema ni chakula cha wanawake. Basi ndani ya kabila moja, na katika boma moja, palikuwa na vyakula viwili. Wajomba walikuwa wale wale.

Wataalamu wa siku hizi wametueleza kwamba miaka miwili ya kwanza ndiyo inayoamua mengi. Mtoto azaliwaye na urefu wa sentimita 50 hufika karibu 75 akitimiza mwaka mmoja, na uzito wake huwa umeongezeka mara tatu. Hatakua tena kwa kasi hiyo maishani. Mama akikosa chakula wakati wa mimba, au mtoto akiharisha mara kwa mara, au akipewa uji mtupu baada ya kuachishwa ziwa, kimo hupotea, na si rahisi kukirudisha. Daktari Cicely Williams, aliyefanya kazi Gold Coast, ndiyo Ghana, aliandika mwaka 1935 juu ya kwashiakoo, jina alilolipata kwa Waga: ugonjwa wa mtoto anayeondolewa kifuani mdogo wake azaliwapo. Bibi zetu waliosisitiza watoto wapishane miaka hawakuwa na mizani, lakini jambo hilo walilijua.

Shuleni nako bado pana nafasi. Kati ya 1998 na 2000, katika shule 12 za Embu, watoto zaidi ya 500 wa darasa la kwanza walifuatwa. Baadhi walipewa githeri yenye nyama, wengine githeri na maziwa, wengine githeri iliyoongezwa mafuta, na fungu moja halikupewa chakula. Waliokula nyama waliongezeka misuli na kufanya vizuri zaidi katika mtihani wa kufikiri; maziwa yaliwaongezea kimo wale wadogo waliokuwa wamedumaa.

Shirika la Afya Ulimwenguni lilitoa vipimo vipya mwaka 2006, baada ya kuwafuata watoto waliotunzwa vema huko Brazil, Ghana, India, Norway, Oman na Marekani. Tofauti ya kimo chao ilikuwa ndogo mno.

Katika uchunguzi wa Kenya wa mwaka 2022, watoto 18 katika kila 100 walio chini ya miaka mitano walikuwa wamedumaa. Mwaka 2014 walikuwa 26. Kilifi walikuwa 37. Na Samburu, kwa wafugaji ambao ni ndugu wa Wamaasai kwa lugha na kwa ng'ombe, walikuwa 31. Ukame ulioanza mwishoni mwa mwaka 2020 uliua mifugo mingi kaskazini, na maziwa yakaondoka pamoja nayo.