Sarufi Iliyokulia Sokoni Nyangwe

Nafundisha Kiswahili hapa Kasongo. Mwanafunzi anaponiambia Kingwana chetu, yaani Kiswahili cha mashariki mwa Kongo, ni lugha iliyoharibika, namrudisha Nyangwe.

Huko, kwenye ukingo wa mto Lualaba, Waungwana, wafanyabiashara Waislamu kutoka pwani, walikuwa tayari wamejenga makao mpelelezi Livingstone alipofika Machi 1871. Walikuja kutafuta pembe za ndovu, wakiwa na bunduki na minyororo. Tarehe 15 Julai mwaka huo, watu wao waliwamiminia risasi wachuuzi sokoni, wengi wao wanawake, na mamia wakaangamia. Kiswahili chetu kimepita katika damu hiyo, na sikubali kifundishwe kana kwamba kiliingia kwa amani.

Kuhusu Kiswahili cha Unguja, mmisionari Edward Steere alikuwa amekwisha kuchapisha kitabu chake cha sarufi mwaka 1870. Huku kwetu lugha haikusubiri kitabu. Wanawake waliouza samaki na vyungu, wapagazi na watumwa wa makabila mengi waliijenga upya midomoni mwao. Mwaka 1893 Dhanis, kamanda wa jeshi la Dola Huru ya Kongo, aliuteka mji wa Nyangwe, lakini lugha ikabaki. Kamati ya usanifishaji ilipoanza mwaka 1930, ilikuwa ya nchi za Afrika Mashariki zilizotawaliwa na Waingereza, kwa msingi wa Kiunguja, na Kongo haikuhusishwa.

Kwa hiyo kwenye insha nasahihisha “kitabu yangu” iwe “kitabu changu”, maana mtoto anahitaji kusomwa Dar es Salaam na Nairobi. Lakini kwanza namwonyesha kwamba “yangu” hiyo ina kanuni: bibi yake huitumia vilevile kwa kisu, kikapu na kiti, bila kuyumba.