Chui wa Mobutu, Simba wa Mashariki

Mei 17, 1997, askari wa kiongozi wa waasi Laurent-Désiré Kabila, waliomwondoa Rais Mobutu, waliingia Kinshasa, mji mkuu wa Kongo, wakizungumza Kiswahili katika jiji la Kilingala. Wengi walikuwa watoto, wale walioitwa kadogo, na wakazi walitambua kwa kuwasikia tu kwamba watawala wapya wametoka mashariki. Mabadiliko yakafika hadi uwanja wa mpira: timu ya taifa, iliyojulikana kwa jina la Chui, ikaitwa Simba.

Simba huyo hakuzuka siku hiyo. Mwaka 1964 waasi wa mashariki waliojiita Simba waliiteka Uvira mwezi Mei, na Agosti wakaingia Stanleyville, Kisangani ya leo. Waganga waliwachanja na kuwapa miiko; aliyeishika aliamini risasi zitageuka maji, akaenda vitani akipaza sauti "Mai Mulele", kwa jina la Pierre Mulele aliyeongoza uasi wa Kwilu, magharibi. Mara nyingi askari wa serikali walikimbia kabla ya kupigana. Lakini tusiwapambe Simba hao. Walipoishika Kisangani waliua Wakongomani wengi, hasa wasomi na watumishi wa serikali. Novemba 24, 1964, askari wa miamvuli wa Ubelgiji, wakibebwa na ndege za Marekani, waliushukia mji huo. Kabila, kijana wa Katanga, alikuwa mmoja wa viongozi wa uasi upande wa Ziwa Tanganyika.

Mwaka mmoja baadaye, Novemba 24 hiyohiyo, Mobutu alitwaa madaraka. Yeye akamshika chui: kofia ya ngozi yake kichwani, picha yake kwenye noti, jina lake kwa wachezaji. Chui hao walitwaa Kombe la Afrika mwaka 1974, na mwaka huohuo wakawa timu ya kwanza ya kusini mwa Sahara kucheza Kombe la Dunia. Huko Ujerumani Magharibi walifungwa mabao 14, wao hawakupata hata moja.

Kwa maoni yangu, kosa la waliomfukuza chui lilikuwa kudhani ni mali ya Mobutu. Kwa Waluba, Wakuba na watu wengine wengi wa Kongo, ngozi na meno ya chui yalikuwa ya mtawala tangu zamani, kabla Mbelgiji hajafika. Mobutu alichukua heshima ya machifu wengi akaivaa peke yake. Wala chui hakuwa wa magharibi tu: Waluba wa Katanga ni watu wa ukoo wa Kabila mwenyewe, upande wa baba.

Mwaka 2006 timu ilirudi kuitwa Chui. Katiba mpya nayo iliweka kichwa cha chui katika nembo ya taifa, kati ya pembe ya ndovu na mkuki. Aliyeitangaza katiba hiyo, Februari 18, alikuwa Rais Joseph Kabila, mwana wa Laurent-Désiré.