Hiyo Si ya Simu

Mei 22, 2024, wiki ya ziara ya Rais Ruto Marekani, Microsoft na kampuni ya G42 ya Abu Dhabi zilitangaza kwamba zitajenga kituo kikubwa cha data huku kwetu Olkaria, kikiendeshwa kwa stima ya mvuke. Bei: dola bilioni 1. Siku 34 baadaye, Juni 25, vijana wa rika langu waliingia Bunge, polisi wakafyatua risasi, na miezi iliyofuata watu wakawa wanachukuliwa mitaani na sanse waliofunika nyuso. Kila mtu aliuliza swali moja: walijuaje alipo?

Hapa Naivasha mambo hayo mawili yaligeuka kuwa jambo moja. Kwenye matatu ya Nakuru mama mmoja alikuwa anaongea kwa simu, sauti juu: "Hiyo mashine wanaleta huko kwa mvuke ni ya kutusikiza!" Kondakta akamwambia, "Mathe, hiyo si ya simu," na gari zima likaangua kicheko.

Mtaalamu angecheka pia, kwa sababu zake. Kituo cha data ni ghala la kompyuta tu, hakina masikio. Ni kweli, na sina ushahidi wowote kwamba Olkaria itatumika kumsikiza mtu. Lakini niliacha chuo mwaka wa pili, sikuacha kusoma, na nikisoma historia ya Bonde hili sioni kama yule mama amechanganyikiwa. Nadhani anakumbuka, hata kama hajui anakumbuka nini.

Tuanze na kipande. Sheria ya kuwaandikisha Waafrika ilipitishwa 1915, na kufikia 1920 ilikuwa inatekelezwa. Kila mwanamume Mwafrika aliyetimiza miaka 16 alilazimika kubeba karatasi yenye jina lake, alama za vidole, na maelezo ya kila mwajiri: aliingia kazini lini, alilipwa ngapi, aliachiliwa lini. Karatasi ilikunjwa ikatiwa ndani ya kikopo cha chuma, kikaning'inizwa shingoni. Wakikuyu walikiita mbugi, kengele ya mbuzi. Ukitoroka shamba la setla kabla hajaandika kwamba amekuachilia, umevunja sheria, na vidole vyako viko kwenye faili Nairobi vikisubiri polisi waulize.

Huwa nashangaa nikisikia eti mambo ya data yalikuja na intaneti. Namba yako, vidole vyako, historia yako ya kazi, vyote kwenye ghala moja ambalo wewe huwezi kulifungua: hayo babu zetu waliyajua zaidi ya miaka 100 iliyopita. Harry Thuku alipokamatwa Machi 1922, kipande kilikuwa kati ya malalamiko yake makubwa. Watu waliokusanyika nje ya kituo cha polisi Nairobi kudai aachiliwe walipigwa risasi, na Muthoni Nyanjiru akawa mmoja wa waliokufa. Kipande cha shingoni kiliondolewa 1947. Neno halikuondoka. Wazee wengi bado hukiita kitambulisho kipande.

Halafu likaja gunia. Hali ya hatari ilitangazwa Oktoba 1952, na usiku wa Machi 26, 1953, Mau Mau wakavamia kituo cha polisi cha Naivasha, wakachukua bunduki na kuwafungua wafungwa. Familia za Wakikuyu zilikuwa zikifukuzwa kutoka mashamba ya Bonde la Ufa, zikirundikwa kwenye malori na treni. Wengine walipitishwa kwenye mchujo. Mnapangwa mstari. Mbele yenu kuna mtu aliyevishwa gunia kichwani, lenye matundu mawili ya macho. Unapita mbele yake. Akitikisa kichwa, umekwenda. Wakamwita gakunia, yule wa kagunia. Hakuwa mzungu, maana mzungu asingekujua. Alikuwa mtu wa kwenu, aliyejua jina lako na la mama yako. Kwangu mimi hapo ndipo kitu kilivunjika ambacho uhuru haukukitengeneza: ukishaona gunia, humwogopi serikali pekee, unamwogopa pia jirani aliyekuazima jembe. Miaka ya Moi, vyumba vya mateso vya Nyayo House vilipojaa watu walioshukiwa kuwa wa Mwakenya, mazoea ya kunyamaza akiingia mtu usiyemjua tulikuwa nayo tayari.

Na rekodi zenyewe zilienda wapi? Kabla ya uhuru, Desemba 1963, Waingereza walisafirisha kwao takriban faili 1,500 za Kenya. Kwa miaka mingi hawakukiri kuwa wanazo. Ilibidi wazee wa Mau Mau waende mahakamani London ndipo, mwaka 2011, serikali ya Uingereza ikakubali kwamba ina maelfu ya faili za makoloni yake ya zamani zilizofichwa Hanslope Park, nyumba ileile ambako wahandisi wao hutengeneza vifaa vya mawasiliano ya siri.

Juni 6, 2013, William Hague alisimama katika Bunge la Uingereza akatangaza fidia ya pauni milioni 19.9 kwa Wakenya 5,228 walioteswa. Siku hiyohiyo gazeti la Guardian la London lilikuwa limechapisha habari ya kwanza kutokana na nyaraka za Edward Snowden, kuhusu shirika la ujasusi la Marekani, NSA, kukusanya rekodi za simu za mamilioni ya watu. Sijui kama kuna aliyesoma habari hizo mbili pamoja. Mimi nilizisoma miaka kumi baadaye na nikaziona kama ukurasa mmoja.

Zamu yetu ilifika Mei 19, 2014. The Intercept ilichapisha nyaraka za Snowden kuhusu mradi ulioitwa MYSTIC. Nchi zilizotajwa zilikuwa Bahamas, Meksiko, Ufilipino na Kenya. Kwa Bahamas, NSA ilikuwa ikirekodi sauti za simu zenyewe. Kwetu ilikusanya maelezo ya simu: nani kampigia nani, saa ngapi, kwa muda gani. Kinachonikaa kichwani ni namna mlango ulivyofunguliwa. Kwa mujibu wa nyaraka hizo, vifaa viliingia kwa jina la huduma halali ya kibiashara kwa kampuni za simu, na nchi zenyewe hazikujua kazi ya pili.

Siku tatu kabla ya hapo mabomu yalikuwa yamelipuka Gikomba. Westgate ilikuwa haijatimiza mwaka. Habari ya MYSTIC ilizama. Bunge letu nalo likaenda upande ule mwingine: Desemba 2014 likapitisha, katikati ya ngumi na kurushiana maji, sheria ya usalama iliyopanua uwezo wa kunasa mawasiliano. Februari 2015 Mahakama Kuu ilifuta vipengele 8. Kile cha kunasa mawasiliano ikakiacha.

Sasa turudi kwenye mvuke. Microsoft ndiyo kampuni ya kwanza kuorodheshwa katika mradi wa PRISM, mwaka 2007, kwa mujibu wa nyaraka hizohizo za Snowden. Kampuni ilijibu kwamba hutoa data pale tu sheria inapoilazimisha. G42 nayo ilitajwa na shirika la habari la AP kama mwenye hisa pekee aliyesajiliwa wa ToTok, programu ya simu ambayo New York Times ilikuwa imeripoti kuwa chombo cha upelelezi cha Falme za Kiarabu. Wenye ToTok walikanusha. Kanusho zao nazichukua zilivyo. Lakini "huduma halali ya kibiashara" tumeshaiona.

Kazi tunazitaka, hilo nisijifanye. Ila kule Olkaria familia za Wamaasai zilihamishwa mwaka 2014 kupisha mradi wa mvuke, na ikabidi zipeleke malalamiko mpaka Benki ya Dunia na Benki ya Uwekezaji ya Ulaya ndipo zisikizwe. Ukimwambia mtu wa huko kwamba haki zake zimeandikwa Kifungu cha 31 cha Katiba, faragha ya mawasiliano ikiwemo, atakuuliza nani atamwambia siku zikivunjwa.

Hilo ndilo swali langu pia. Snowden alipata Moscow. Sisi tulikuwa na David Munyakei, karani wa Benki Kuu aliyetoa stakabadhi za Goldenberg. Alikamatwa 1993 na kushtakiwa chini ya Sheria ya Siri za Serikali, akapoteza kazi, akakimbilia Mombasa, kisha akarudi Narok, ng'ambo ya milima ya Mau ukitazama kutoka huku kwetu. Alikufa huko 2006, bila pesa, bila kurudishwa kazini. Kituo kikijengwa, vijana wa Naivasha na Narok wataajiriwa humo kulinda milango na kufuta vumbi kwenye mitambo, na mmoja wao siku moja huenda akaona kitu.