Uzi wa Tatu

Shangazi yangu alikuwa akisuka watu kibarazani kwake, Buguruni Malapa, na binti yake ndiye aliyenifundisha jambo ambalo wanaume wengi hatulijui: nywele mbili unasokota, tatu ndiyo unasuka. Binamu huyu ana selimundu, sikoseli kama tunavyoiita mtaani. Asubuhi za baridi za Julai mifupa ilimuuma mpaka analia bila sauti, na sisi watoto tunaambiwa tukachezee mbali. Mengi niliyosoma baadaye kuhusu DNA niliyasoma kwa sababu yake, na katika hayo yote, kinachonirudia kila mara ni kisa cha uzi wa tatu.

Kinaanza na Linus Pauling, mkemia wa Caltech kule California. Mwaka 1949 yeye na wenzake walionyesha kwamba hemoglobini ya mgonjwa wa selimundu ina umbile tofauti na ya mtu mwingine, wakauita ugonjwa wa molekuli. Mwaka huohuo Anthony Allison, kijana aliyekulia Kenya, alikuwa akipima damu za watu wa huko na kuona jeni ya selimundu imejaa Pwani na kandokando ya Ziwa Victoria, ila nyanda za juu ni adimu. Mwaka 1954 akachapisha sababu: aliyeirithi kwa mzazi mmoja tu anapata kinga dhidi ya malaria kali. Binamu yangu aliirithi kwa wazazi wote wawili.

Sasa, Pauling huyuhuyu, Februari 1953, alitangaza umbo la DNA. Nyuzi tatu zilizosokotana, fosfeti katikati, herufi zimetazama nje. Alikosea, tena kosa la kemia ya kawaida, maana fosfeti za namna ile zikibanwa pamoja zinasukumana. Miezi miwili baadaye James Watson na Francis Crick, wakisaidiwa na picha za eksirei za Rosalind Franklin, walitoa umbo la nyuzi mbili tunalolijua. Vitabu vingi vinauacha uzi wa tatu hapo, kama kichekesho cha mkubwa aliyejikwaa.

Kumbe haukufia hapo. Mwaka 1957 Gary Felsenfeld, David Davies na Alexander Rich walichanganya nyuzi za RNA zilizotengenezwa maabara, wakakuta zinajipanga tatu tatu. Ila mpangilio haukuwa ule wa Pauling. Msokoto wa nyuzi mbili huzungukwa na mitaro miwili, mmoja mpana na mwingine mwembamba, na uzi wa tatu hulala ndani ya ule mpana. Haufumui kitu. Jozi za A na T, na za G na C, zinabaki zimeshikana vilevile. Mgeni anazishika ubavuni, kwa vifungo vya haidrojeni vya aina iliyokuja kuitwa kwa jina la Karst Hoogsteen. T yake hushika jozi ya A na T, C yake hushika jozi ya G na C. Yaani unaweza kuusoma mstari wa jeni ukiwa nje, bila kufungua kitabu.

Kwa miaka thelathini hilo lilikuwa jambo la wataalamu wachache. Halafu 1987, palepale Caltech, Heinz Moser na Peter Dervan walitengeneza uzi mfupi wa DNA, herufi kama 15 tu, wakaufunga mkia wenye chuma. Uzi ukatafuta mahali pake kwenye DNA ndefu, ukalala mtaroni, chuma kikakata hapohapo. Paris nako, kundi la Claude Hélène lilichapisha matokeo ya uzi wa tatu mwaka huohuo. Fikiria maana yake: ukiijua tahajia ya jeni, unaandika kijiuzi kinachoifuata na kuikalia. Ungeweza kuizima, au kuirekebisha.

Hapo ndipo mambo yalipokuwa magumu. Uzi wa tatu unataka A na G zijipange mfululizo upande mmoja wa DNA; ikiingia C au T katikati, mshiko unalegea. C zake zinapenda asidi kidogo, na ndani ya seli hakuna asidi hiyo. Bado kuna kazi ya kuufikisha kwenye kiini kabla vimeng'enya havijaukatakata. Kosa la selimundu ni herufi moja tu, A iliyogeuka T, na jeni haikuandikwa kwa kuangalia mahitaji ya wakemia.

Baadhi yao hawakuacha. Mwaka 1991 Peter Nielsen na wenzake wa Copenhagen walitengeneza PNA, uzi wa bandia wenye uti unaofanana na wa protini, ambao vimeng'enya haviutambui. Maabara ya Peter Glazer, Chuo Kikuu cha Yale, ikautumia kwa njia ya kuzunguka: unaukalisha jirani na kosa, seli inahisi msokoto umeharibika na kuita mafundi wake, na wewe unakuwa umeshawawekea kipande cha DNA chenye tahajia sahihi wakiige. Mwaka 2016 walitangaza kwamba njia hiyo iliondoa upungufu wa damu kwa panya wenye thalasemia, ugonjwa mwingine wa jeni hiyohiyo ya beta-globini. Panya, lakini.

Kwa binadamu, CRISPR ilitangulia. Yenyewe haisomi ikiwa nje. Inaufungua msokoto na kukata. Novemba 2023 Uingereza iliidhinisha Casgevy kwa selimundu, na Marekani ikafuata Desemba. Haigusi herufi iliyokosewa. Inapunguza nguvu ya BCL11A, jeni inayozima hemoglobini ya utotoni, ili hiyo ya utotoni irudi kazini. Bei yake Marekani ni dola milioni 2.2, na kabla ya kuipata mgonjwa hupewa dawa kali za kuua uloto wake.

Hili la BCL11A linanikera kidogo, niseme ukweli. Muhimbili, kwenye utafiti ulioanza 2004 chini ya Julie Makani, wagonjwa wa Dar es Salaam walitoa damu zao, na mwaka 2011 yeye na wenzake wa hapa na Uingereza walichapisha matokeo kuhusu jeni zinazoongoza hemoglobini hiyo ya utotoni, BCL11A ikiwemo. Damu ya kina binamu yangu imo kwenye maarifa hayo. Kwenye foleni ya tiba yenyewe hawamo. Hapa nchini Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, ilianza 2023 kuwapandikiza uloto watoto wenye selimundu, lakini lazima apatikane ndugu anayelingana, na binamu yangu alizaliwa peke yake.

Ndiyo maana nauangalia bado uzi wa tatu. Sindano inayofanya kazi ndani ya mwili, bila kuua uloto, ni kitu ambacho hata zahanati ya uswahilini ingeweza siku moja kukishika.

Mwezi uliopita nilimweleza haya yote, amekaa kwenye kibaraza kilekile anamsuka mtoto wa jirani. Hakuuliza bei.

"Kaka, huo uzi wakishauweka, unabaki humo?"

Nikamwambia hapana, unaondoka, kinachobaki ni marekebisho.

"Kama rasta za kuazima," akasema, akamgeuza mtoto kichwa. Alhamisi alikuwa na kliniki, na vidonge vyake vya haidroksiurea vilikuwa vimebaki vya siku nne.