Paka, Shoka na Banda la Kuni

Lester Young alipoingia ukumbini na kusema anasikia upepo wa baridi, wenzake hawakuhangaika kufunga dirisha. Walijua amemtambua mbaguzi wa rangi. Mpiga saksafoni huyo wa jazz, aliyezaliwa Mississippi mwaka 1909, aliongea kwa mafumbo hata wageni wakatoka kapa. Akiuliza kama mama wa nyumbani "anaunguza", alitaka kujua kama mke wa mwenzake ni mpishi hodari. Pesa aliziita mkate, na wengi humtaja yeye kuwa ndiye aliyelieneza neno hilo. Mswahili anayeamka alfajiri kutafuta unga hatapata taabu kumwelewa.

Mafumbo hayo yalikuwa na kazi. Katika Cotton Club ya Harlem, wapigaji walikuwa Weusi na wateja Wazungu. Ilibidi pawe na namna ya kusemana mbele ya bosi bila bosi kuambulia kitu.

Maneno mengine yalitoka jasho la kazi yenyewe. Ala ya muziki iliitwa shoka. Kufanya mazoezi peke yako, mbali na masikio ya watu, kulikuwa kwenda kwenye banda la kuni. Charlie Parker alilijua banda hilo vizuri: akiwa kijana mdogo huko Kansas City alipotea katikati ya wimbo jukwaani, mpiga ngoma Jo Jones akamtupia toazi sakafuni kumfukuza. Kiangazi cha 1937 Parker alikwenda milima ya Ozark kupiga kazi ukumbini na, muda uliobaki, kujinoa. Aliporudi, waliomcheka walinyamaza.

Ajabu ni kwamba neno "jazz" halikuanzia kwenye muziki. Aprili 1912 gazeti la Los Angeles Times liliandika kuhusu mrushaji wa besiboli, Ben Henderson, aliyeupa jina hilo mtupo wake mpya. Kufikia 1915 magazeti ya Chicago yalikuwa yakiuita hivyo muziki. Mwaka 1932 lilikuwa limeshavuka bahari: ikaundwa Dar es Salaam Jazz Band, na kwetu neno likawa jina la bendi yoyote ya dansi, hata inayopiga rumba usiku kucha.

Aliyeitoa siri ya mafumbo hayo hadharani ni Cab Calloway, kiongozi wa bendi pale pale Cotton Club. Mwaka 1938 alichapisha kamusi ndogo ya lugha hiyo, ambamo "paka" ni mwanamuziki wa swing na "paka hep" ni mtu anayejua majibu yote. Wazungu wakainunua, wakajifunza, wakaanza kujiita hep.

Basi wenye lugha wakahama. Dizzy Gillespie, aliyefukuzwa kwenye bendi ya Calloway mwaka 1941 baada ya ugomvi wa kisu, na vijana wenzake wa bebop, mtindo mpya wa jazz, walisema "hip". Aliyetamka "hep" mbele yao alijiumbua mwenyewe.